Kuhudhurisha Moyo Katika Kazi na Elimu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu zetu wa mwambao, wasomao vitabu hivi vidogo vyetu, wametuletea suala moja kwa namna nyingi. Mmoja ni mwalimu wa chuo. Asema hawezi kutengeneza darsa ya kesho kwa kuwa simu yake haimpi nafasi. Wa pili ni fundi seremala. Akipima ubao huitwa mara tatu kabla ya kuukata, kisha akaukata pungufu. Wa tatu ni mtunzi wa mashairi, naye ashitaki ya kwamba ubeti wa kwanza humjia lakini wa pili haumjii, kwa sababu baina ya huu na huu amekwisha kusoma khabari za mpira, na za siasa, na za harusi ya mtu asiyemjua. Wote watatu wauliza: Je, huu ni udhaifu wa imani, au uvivu, au maradhi?

Jawabu yetu ni kwamba mara nyingi si lolote katika hayo. Ni ubaya wa matengenezo. Mtu huketi kazini kwanza, ndipo aanze kupigana na vinavyomshughulisha. Na aliyetangulia kuketi hali adui zake wamekwisha kuketi pamoja naye, huyo hushindwa, hata akiwa mcha Mungu.

Twayaandika haya tukiwa Karagwe, nchi ambayo kwenu si ngeni. Wazee wa mwambao walifika huku kabla ya reli na kabla ya Wajerumani. Katika karne ya kumi na tisa walikuwa na kituo chao cha biashara mahali paitwapo Kafuro, karibu na Bweranyange palipokuwa na makao ya Omukama Rumanyika. Speke alikitaja kituo hicho katika safari yake ya mwaka 1861, na Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko Ahmed bin Ibrahim, mfanya biashara aliyekuwa miongoni mwa Waarabu wa mwanzo kufika Buganda katika miaka ya 1840. Mtu wa Kafuro aliyeandika waraka kwenda Unyanyembe alingoja majibu kwa wiki nyingi, na kutoka pwani kwa miezi. Hatusemi haya kuwasifu wazee kana kwamba nyoyo zao zilikuwa safi kuliko zetu. Nyoyo ni zile zile. Tofauti ni kwamba zamani waraka ulimngojea mtu amalize shughuli yake, na leo mtu ndiye amngojeaye mjumbe mchana na usiku.

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba hudhuri ya moyo ni kuwa fikira ya mtu iwe pale pale ulipo mkono wake. Wanazuoni wetu walipotaja moyo hapa walikusudia mahali pa kufahamu na kuazimia. Katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 4, limekanushwa jambo la mtu kuwa na nyoyo mbili kifuani. Aya ile yahusu mambo mengine, ya dhihari na ya watoto wa kupanga, nasi twaitaja kwa ukumbusho tu. Watu wengi hudhani wanafanya kazi mbili za fikira kwa pamoja, na kwa hakika hawafanyi hivyo: wanaruka kutoka hii kwenda ile na kurejea, na katika kila mruko hupotea kitu.

Kitu hicho kinachopotea wamekichunguza hata watu wa elimu za kisasa. Mwaka 2009 mtafiti aitwaye Sophie Leroy alieleza ya kwamba mtu aachapo kazi moja kabla haijatimia, akaingia nyingine, sehemu ya fikira yake hubaki nyuma imeshikamana na ile ya kwanza, na ile ya pili huifanya kwa upungufu. Mtunzi wetu wa mashairi na asikie hapa. Wewe wadhani umesoma khabari za mpira kwa dakika mbili tu, kisha umerejea kwenye ubeti wako. Lakini uliyerejea si wewe mzima. Masalia yako yangali uwanjani.

Sasa tutoe mfano wa huku, kwa kuwa twauona kila mwaka. Katika wilaya hizi mbili, Karagwe na Kyerwa iliyotengwa nayo mwaka 2012, mali ya watu ni migomba na kahawa, vikipandwa pamoja katika kibanja kilichoizunguka nyumba. (Huenda ile kahawa mnywayo barazani imepita mikononi mwa mtu wa Nkwenda au wa Kayanga, basi mnywapo mkumbukeni kwa dua.) Na ipo biashara moja mbaya wanayoiita butura. Mkulima aliyebanwa na haja, ya ada ya shule au matibabu au msiba, huiuza kahawa yake ingali mtini, ikiwa changa, na pengine ingali maua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mnunuzi huja na magunia yake, na mwenye shamba husimama pembeni akitazama matunda ya jasho lake yakichukuliwa.

Serikali imeipiga marufuku butura, na sheria yetu ilitangulia. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwa Ibn Umar ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wakasema: uuzaji huo hausihi illa kwa sharti ya kuyakata matunda papo hapo, yakiwa ni ya kunufaisha hivyo yalivyo. Na kahawa changa iliyokatwa ni ya kumnufaisha nani?

Basi mtazame mtu aamkaye alfajiri, akasali, akarudi akaketi mahali pake pa kazi. Saa ile ni maua ya kahawa. Akili imepumzika, nyumba imetulia, hajapata kuudhiwa na mtu. Kabla hajafungua kitabu wala kushika randa, hunyoosha mkono akaitwaa simu, nayo humlipa papo hapo: kicheko kidogo, khabari kidogo, ubishi kidogo. Amekwisha kuuza butura. Saa tatu baadaye, mavuno yake yalipokuwa yaive, yeye yu pembeni anatazama. Na yule mkulima ana udhuru, kwa kuwa alibanwa na maradhi ya mtoto. Huyu wetu amebanwa na nini?

Mtu akiuliza: Je, yapo katika fikihi yetu mambo yahusuyo jambo hili, au ni mawaidha tu? Twamjibu: yapo, na ni mengi kuliko wengi wadhanivyo, walakini yametawanyika katika milango mbali mbali, ndiyo sababu hayaonekani kuwa ni jambo moja.

Tazama mlango wa ukadhi. Abu Bakra alimwandikia mwanawe aliyekuwa kadhi huko Sijistan kumkataza asihukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira, kwa kuwa alimsikia Mtume akikataza hivyo. Wanazuoni wa usuli walipoitafuta sababu ya katazo hili waliona ya kwamba hasira haikutajwa kwa ajili ya uovu wake, bali kwa ajili ya kuivuruga fikira. Na sababu ikiisha kujulikana, hukumu huifuata popote iendapo. Ndipo wakapima juu yake njaa kali, na kiu, na shibe ya kupita kiasi, na usingizi, na kubanwa na haja. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu mnachokisoma huko kwenu, ametaja hasira na njaa na shibe, kisha akaujumlisha mlango kwa kila hali iharibuyo tabia ya kadhi. Fahamu uzito wa maneno haya. Kadhi huyu ni mwadilifu, ni mjuzi, tena amchaye Mungu. Walakini sheria haikumwambia ajikaze. Imemwambia: ondoka kwanza, kale, kalale, kisha urudi uhukumu. Kwa kuwa mbele yake wamekaa watu wawili, na haki ya mmoja wao yaweza kupotea kwa ajili ya tumbo la kadhi.

Tazama tena mlango wa sala. Imepokewa na Muslim kwa Bibi Aisha katazo la kusali chakula kikiwa tayari mbele ya mtu, au hali anazuia moja ya zile haja mbili. Na Bukhari amepokea ya kwamba Ibn Umar alikuwa akiwekewa chakula, na sala ikasimamishwa, wala hawendi mpaka amalize, naye asikia kisomo cha imamu. Haya ni makuruhu kwetu maadamu wakati una wasaa. Wakati ukiwa mfinyu, mtu husali hivyo hivyo alivyo. Mwenye pupa angeliona Ibn Umar amepuuza sala. Kumbe alikuwa akiitengeneza.

Na lililo wazi kuliko yote ni khabari ya nguo ya Abu Jahm. Mtume alisali akiwa amevaa shuka yenye mapambo, akayatupia jicho mara moja. Alipomaliza akaamuru ipelekwe kwa Abu Jahm aliyeileta, na aletewe shuka ya Abu Jahm isiyo na nakshi, kwa kuwa ile ya kwanza ilimshughulisha. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Twajifunza mawili. La kwanza, aliyeshughulishwa hapa ni yule mwenye moyo mtimilifu kuliko watu wote, basi nani leo atasema, mimi simu yangu huilaza mbele yangu na hainidhuru? La pili, hakusema, safari ijayo nitajizuia nisiitazame. Aliiondoa. Wala hakumvunja moyo mwenziwe, bali aliomba nguo nyingine kwake.

Nasi tumesoma ya kwamba huko Marekani yalichapishwa mwaka 2017 majaribio, watu wakipewa mitihani ya akili: wengine simu zao zikiwa mezani, wengine mfukoni au mkobani, na wengine zikiwa chumba kingine, na wale wa chumba kingine wakafanya vizuri zaidi, ingawa simu zote zilinyamazishwa. Watafiti waliolirudia jambo hili hawakupata wote matokeo yale yale, basi hatulijengei nyumba. Lakini mwenye kuijua khabari ya Abu Jahm halioni kuwa la ajabu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111, ameyapanga mambo haya katika Ihya mpango usiokuwa na mfano. Asema vinavyoushughulisha moyo ni namna mbili: vya nje, viingiavyo kwa jicho na sikio, na vya ndani, ambavyo mtu huingia navyo hata akifumba macho. Dawa ya vile vya nje ni nyepesi: kuviondoa mbele yako, au kuingia mahali pa giza au padogo. Hutaja ya kwamba wafanya ibada walikuwa na chumba kidogo chenye giza, upana wake kadiri ya kusujudu. Ama vya ndani, amevitolea mfano wa mtu aliyekaa chini ya mti apate kufikiri, na ndege waliomo mtini humvuruga kwa makelele. Huwafukuza kwa kijiti, wakaruka, akarudi kwenye fikira yake, nao wakarudi kwenye mti. Akaambiwa: kazi hii haina mwisho, ukitaka kuokoka, ukate mti. Mti ni ile haja iliyoota moyoni, na ndege ni mawazo yatuayo juu yake.

Hapa ndipo wengi wakosapo. Hujifunza namna elfu za kufukuza ndege. Hununua saa ya kupigia kengele, hutia simu programu ya kuizuia simu, huapa kila Ijumaa. Wala hajiulizi: ni haja gani hii inayonifanya niitazame? Ukikichungua utakuta mara nyingi ni kimoja katika vitatu: khofu ya kupitwa na jambo, au kupenda kusifiwa, au kuikimbia kazi yenyewe kwa kuwa ni ngumu. Na hiki cha tatu ndicho kikubwa kwa watu wa elimu, ingawa hawapendi kukikiri. Mwalimu afikapo mahali pa masala asiyoyafahamu, hapo ndipo simu humwita. Walakini haikuita, yeye ndiye aliyeitika.

Imamu Nawawi, tuliyemtaja, alizaliwa mwaka 631 wa Hijra (1233) na kufariki mwaka 676 (1277). Alipokuwa kijana huko Damascus alihudhuria darsa kumi na mbili kila siku mbele ya masheikh wake. Mwanafunzi wake Ibn al-Attar amepokea kutoka kwake ya kwamba ilimpitia fikira ya kusoma utabibu, akanunua kitabu cha Kanuni cha Ibn Sina. Moyo wake ukaingia giza, akakaa siku kadhaa hawezi kushughulika na jambo lolote. Akatafakari ni nini kilichomwingilia, akafahamu. Akakiuza kitabu kile, akatoa nyumbani mwake kila kilichohusu utabibu, na nuru yake ikarejea. Zingatia, utabibu si uovu. Ni faradhi ya kutosheleza, na Ibn Sina ni bingwa. Kosa halikuwa katika kitabu. Ilikuwa njia mbili katika kifua kimoja. Wala hakukiweka juu ya rafu akasema nitakisoma baadaye, alikitoa nyumbani.

Wakulima wa huku hulijua jambo hili kwa mikono yao. Shina la mgomba hutoa machipukizi mengi, na yote ni mazima, tena ya kijani. Mkulima mvivu huyaacha yote, na mikungu yake huwa midogo. Mkulima hodari huacha matatu: mgomba mama wenye mkungu, na binti atakayemfuata, na mjukuu. Mengine huyang'oa, nayo hayana kosa lolote. Nasi tumewaagiza wanafunzi wetu wakubwa wafanye vivyo hivyo: kazi moja uivunayo sasa, moja unayoikuza, na moja unayoianza. Kijana akija kuniambia ana kazi saba, humwuliza ni zipi nne azing'oazo.

Ama namna ya kuitenga siku, imesimuliwa ya kwamba Imamu Shafi aliugawa usiku wake mafungu matatu: moja la kuandika, moja la kusali, na moja la kulala. Tazama ya kwamba usingizi una fungu lake kamili. Aliyekesha na simu hata saa nane ya usiku, asituulize kwa nini hahifadhi juzuu.

Na ukilazimika kukatizwa, kwa kuwa mtu haishi pangoni, usiondoke hivi hivi. Andika mstari mmoja: nimefika hapa, na nikirudi nitaanzia hapa. Yule Leroy tuliyemtaja, pamoja na mwenziwe Theresa Glomb, walionyesha mwaka 2018 ya kwamba kuandika hivyo kabla ya kuondoka hupunguza yale masalia. Wanafunzi wa chuo walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani, wakitia ujiti katika msahafu mahali walipokomea.

Wala usidhani ya kwamba kila kutangatanga kwa fikira ni wizi. Mtu aendaye shambani asubuhi mikono mitupu, au avukaye kwa mashua, fikira yake huzunguka zunguka juu ya kazi yake na kuitazama kwa pande zote. Khutba nyingi zimepatikana njiani. Kinachoharibu ni kuijaza njia nayo sauti na picha, hata pasibaki nafasi ya jambo kuja lenyewe.

Wako watu husema: basi simu na ichomwe moto. Hatuafikiani nao. Bei ya kahawa humfikia mkulima kwa simu, na fedha zake pia, na khabari ya mgonjwa aliyelazwa mbali. Twasema iwekewe saa zake, kama soko lilivyo na siku yake. Wala hakuna mtu wa Omurushaka akaaye sokoni siku ambayo si ya soko akilia kwamba hakuna wauzaji.

Na wako wengine, nao ni hatari zaidi kwa kuwa hujificha nyuma ya elimu, wafungao mlango wasimjibu mtu yeyote. Hao na waikumbuke khabari ya Juraij, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alikuwa katika chumba chake cha ibada akisali, mama yake akamwita. Akasema moyoni, mama yangu na sala yangu, akaendelea na sala, na mama akamwapiza, na yakampata yaliyompata. Imamu Nawawi asema wanazuoni waliona ya kwamba ilimpasa amwitikie, kwa kuwa alikuwa katika sala ya sunna, na kumwitikia mama ni wajibu. Basi hudhuri ya moyo haikuletwa ili mtu azikimbie haki za watu. Mjue nani akiita huitikiwa: mzazi, mke mwenye haja, mtoto aumiaye, mgeni aliyefika mlangoni. Hawa ni wachache, nawe wawajua kwa majina. Waliobaki na wangoje mpaka adhuhuri.

Na kama unavyoulinda moyo wako, ulinde na wa mwenzio. Mtume alikuwa akisikia kilio cha mtoto katika sala akaifupisha, kwa kuuonea huruma moyo wa mama yake. Leo twaona mtu mzima, kanzu safi, simu yake ikipiga muziki katika safu, naye ameganda kama mti akiogopa sala yake isibatilike, na safu nzima imekwisha kupoteza Fatiha.

Hukumu ya jambo hili ni hivi. Kitendo kidogo hakibatilishi sala, na kutikisa vidole hali mkono umetulia hakuhesabiwi kuwa ni vitendo vingi. Kinachobatilisha ni vitendo vikubwa vitatu vya mfululizo. Basi simu ikilia, peleka mkono mfukoni mara moja, uibonyeze kwa kidole inyamaze, bila ya kuitoa wala kumtazama apigaye; sala yako ni sahihi, tena umefanya wema kwa waliokuzunguka. Isiponyamaza, ngoja kidogo, kisha ufanye kitendo kingine, uvitenge visiungane. Ama mwenye kuitoa, akaigeuza, akasoma jina, akairudisha mfululizo, huyo na airudie sala yake. Na kwa kuwa huku kwetu mabomba ya udhu yako nje ya mlango wa msikiti, tumewazoeza wanafunzi wetu kuizima hapo, kabla ya kukunja mikono ya kanzu.

Wallahu aalam.